Somo la Historia: Kilima cha Salaita

Leo tutazungumza juu ya vita, na hasara yake.

Ukishuka kutoka Mwika hadi Himo, ukashika njia ya mashariki, utafika Taveta. Mbele ya Taveta kuna kilima kidogo kiitwacho Salaita. Mwaka 1914 Wajerumani walitawala nchi yetu, na Waingereza walitawala Kenya. Walipogombana kwao Ulaya, walipigana na huku pia. Mwezi wa Agosti Wajerumani waliiteka Taveta, kisha wakachimba mahandaki Salaita.

Tarehe 12 Februari, 1916, jeshi la Waingereza, pamoja na askari wengi wa Afrika Kusini, lilikishambulia kilima hicho. Lilishindwa, na watu wakafa. Mwezi uliofuata Wajerumani waliona watazungukwa, wakaondoka. Waingereza wakakichukua bila kupigana. Basi, wale wa Februari walikufa kwa ajili ya nini?

Vita vikaendelea kuelekea kusini. Mizigo ilichukuliwa vichwani na wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Ulaya vita vilikoma tarehe 11 Novemba, 1918. Huku watu walikuwa wangali wakipigana, maana habari zilikuwa hazijafika.

Na mpaka? Ulibaki palepale. Taveta imo Kenya, Mwika imo Tanzania.

Mambo haya ni ya zamani duniani. Huko China alikuwako mshairi Du Fu, aliyezaliwa mwaka 712. Alitunga shairi juu ya wanaume waliochukuliwa kwenda vitani mipakani. Wazazi na wake zao waliwasindikiza wakilia, na mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake. Katika shairi lile hakumsifu jemadari. Alisema habari za watu wa kijijini. Sisi nasi husema: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wapagazi wengi hawana kaburi lenye jina. Kwa hiyo kazi yenu ni hii. Waulizeni wazee wa ukoo: ni nani wa kwetu aliyechukuliwa kubeba mizigo, naye alirudi? Liandikeni jina lake kwa mkono wenu, mlilete darasani.

Kwa herini.