Dereva wa Pamba na Mwalimu Wake

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wengine wameandika habari za bei, za mbegu na za mizani. Sisi tumeona yafaa tuandike habari za mtu anayesahauliwa mara nyingi, naye ni dereva. Na nyuma yake yuko mtu anayesahauliwa zaidi, yaani mwalimu aliyemfundisha. Mkulima hupalilia, huvuna na kuchambua pamba yake safi kutoka chafu, kisha huipeleka ghalani ikapimwa mbele ya macho yake. Kutoka hapo mali yake yote iko mikononi mwa mtu mmoja aliyeshika usukani. Hapana budi basi tujiulize: mtu huyo alifundishwa na nani, nasi tulimchaguaje mwalimu wake?

Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya gari moshi kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na stesheni yetu ikawa mlango wa kutolea pamba ya Maswa. Tangu hapo kazi ya usafirishaji iligawanyika sehemu 2. Gari moshi lilichukua safari ndefu ya kwenda bandarini. Safari fupi, ya kutoka vijijini hadi stesheni, iliachwa kwa vichwa vya watu, kwa punda, kwa mikokoteni ya ng'ombe, na baadaye kwa malori. Ajabu ni kwamba safari fupi ndiyo iliyokuwa ngumu. Udongo mweusi wa mbuga, wakati wa kiangazi, hupasuka nyufa na kuwa mgumu kama jiwe. Mvua ikinyesha saa moja tu, huwa utelezi unaonata, na gurudumu huzunguka mahali pamoja.

Zamani hizo hapakuwa na shule ya udereva karibu nasi. Kijana aliyetaka kazi hiyo alianza kuwa turniboi. Alipiga hendeli asubuhi, alipakia na kupakua, alilala juu ya mzigo usiku, na mchana alitazama miguu ya dereva ili ajue lini anakanyaga klachi na lini anabadili gia. Baada ya miaka kadhaa aliachiwa usukani mahali pa tambarare, na kutoka hapo akawa dereva. Hatuudharau mtindo huo. Uliwatoa watu waliolijua gari lao kwa kulisikiliza, wakaweza kusema kwa mlio tu kwamba springi imekatika. Lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa: mwanafunzi alirithi ujuzi wa mwalimu wake pamoja na makosa yake yote, wala hapakuwa na mtu wa tatu wa kusema lipi ni lipi.

Hapo yafaa tukumbuke ushirika wenyewe ulivyoanza katika Jimbo la Ziwa. Wakulima walipokuwa wakiuza pamba kwa wanunuzi binafsi, malalamiko yao makubwa yalihusu mizani. Hawakukaa wakilia; waliwaweka watu wao wenyewe penye mizani, wenye kuusoma mshale na kuwaambia ukweli. Kutoka mwanzo huo vilikua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Marehemu Paul Bomani alikuwa nguzo yake. Katika muda usiozidi miaka 5 biashara ya kununua pamba ya jimbo ikawa mikononi mwa wakulima. Fundisho la wazee wetu lilikuwa hili: usimwamini mpimaji kwa sababu amevaa vizuri au kwa sababu ni ndugu yako; ipime kwanza mizani yenyewe kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Sisi twasema kwamba mwalimu wa udereva naye apimwe vivyo hivyo. Kazi iliyobaki ni kulitafuta jiwe la kumpimia.

Taifa letu lilijifunza thamani ya dereva kwa njia ya uchungu. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na njia ya Zambia ya kupata mafuta ikafungwa. Mafuta yakapelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, katika barabara iliyokuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Magari yaliteleza katika matope, yakagongana katika vumbi, yakaanguka katika miteremko, hata Wazungu wakaipa njia hiyo jina la Jehanamu. Mwaka 1966 Serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, na malori mapya yakaletwa kutoka Italia. Malori yaweza kununuliwa kwa mkataba mmoja. Madereva wa kuyaendesha hawanunuliwi hivyo. Mtu aliyezoea lori la tani chache hawi dereva wa lori lenye tela kwa sababu amekabidhiwa ufunguo.

Miaka hiyohiyo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa na mashujaa wengine. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika nchi zetu, na watu walisimama kandokando ya barabara kuyatazama. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akashinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404. Walikuwa madereva hodari wasio na kifani. Lakini dereva wengi wa malori walijifunza kwao jambo lisilowafaa, yaani kwamba uhodari ni mwendo. Hata leo, chama kikitafuta mwalimu, wapo wasemao: tumtafute fulani, maana yeye hutoka hapa hadi Mwanza kwa saa chache kuliko wote.

Je, mshindani wa mbio hawezi kuwa mwalimu? Aweza, nayo historia yatuonyesha namna gani. Katika miaka ya 1930 polisi wa London walisumbuliwa na ajali za magari yao wenyewe, wakaanzisha shule ya udereva mahali paitwapo Hendon. Mwaka 1937 walimwita Lord Cottenham, ambaye alikuwa amepata kushindana katika mbio za magari, awasaidie kutengeneza mafundisho. Mtu angedhani atawafundisha kukimbia. Yeye aliwafundisha utaratibu: kabla ya kila hatari dereva afanye mambo kwa mpango uleule, achague mahali pa kupita, atazame nyuma, atoe ishara, apunguze mwendo, achague gia, kisha ndipo aongeze mwendo; asifanye mawili kwa pamoja kwa kubabaika. Ajali za polisi zilipungua sana. Mwaka 1955 mafundisho hayo yalichapishwa kuwa kitabu kwa raia wote, na mwaka 1956 kikaanzishwa Uingereza chama cha madereva waliofuzu mtihani wa juu. Polisi wale hawakuchagua mwendo wa Cottenham. Walichagua uwezo wake wa kueleza kwa nini. Hilo ndilo jiwe la kwanza la kumpimia mwalimu.

Hapa nyumbani, mwaka 1975, Shirika la Taifa la Usafirishaji lilianzisha mafunzo yaliyokuwa chimbuko la Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoko Mabibo, Dar es Salaam. Na kwa sheria ya mwaka 1982 chuo hicho kikawa taasisi yenye kujisimamia. Kwa sheria ya mwaka 1994 ikaundwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ambayo nayo hufundisha udereva. Lakini ushirika wetu haukuwa na njia iliyonyoka. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zao pamoja na mali zao zikapewa mamlaka za mazao. Vyama viliruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982, na kuanzia mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaingia tena sokoni. Chama kikivunjwa, jengo hubaki na lori huandikwa katika daftari jingine. Lakini desturi ya mzee kumwonya kijana jinsi ya kuvuka korongo fulani haina daftari, nayo hupotea.

Twafika sasa katika jambo linalotuuma. Tumepata kuona mafunzo ambayo madereva waliketi ukumbini siku 2, wakaonyeshwa picha za alama za barabarani, wakala chakula cha mchana, wakapewa vyeti vyenye maneno ya udereva wa kujihami. Hakuna aliyegusa usukani mbele ya mwalimu. Hakuna aliyeshindwa. Fedha ililipwa kihalali, na fedha hiyo ni ya mkulima. Hatulitaji jina la waliofundisha, maana kosa lilikuwa letu tulioajiri bila kupima.

Basi twapenda kuwaeleza wanachama na viongozi mambo tunayoyaona kuwa ya lazima.

Kwanza, mwalimu apande lori lenyewe, likiwa na mzigo wenyewe, katika barabara zetu wenyewe. Pamba mbegu ni nyepesi kwa ujazo wake, hivyo hupangwa juu sana, na lori huwa refu kwenda juu. Katika kona na katika tuta la barabara huyumba tofauti na lori la saruji. Likirudi tupu, tabia yake hubadilika tena, na magurudumu ya nyuma hukamatwa na breki upesi. Mwalimu asiyeuliza umebeba nini hajaanza kufundisha.

Pili, aeleze sababu. Dereva wote huambiwa washuke mlima kwa gia ndogo. Mwalimu mwema hueleza kwamba breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto mno haishiki tena; kwa hiyo injini ndiyo ishikilie uzito, na breki itumiwe kidogo kidogo. Dereva wa Maswa aweza kusema kwamba kwetu hakuna mlima. Ni kweli, lakini siku atakapotumwa na mzigo Dar es Salaam, mteremko wa njiani hautamwuliza kwao ni wapi.

Tatu, amsemeshe mwanafunzi. Iko desturi njema ya kumtaka dereva aseme kwa sauti anayoyaona huku akiendesha. Fikirini mwalimu kijana aliyeketi kando ya dereva mwenye mvi.

“Mzee, shikamoo. Naomba unieleze, mbele yetu waona nini?”

“Marahaba. Naona ng'ombe.”

“Na nyuma ya ng'ombe?”

“Mtoto mchungaji.”

“Ng'ombe wakivuka, mtoto atafanya nini?”

Hapo mzee hunyamaza kidogo, kisha mguu wake huondoka penye mafuta wenyewe. Kijana hakumgombeza wala hakumwaibisha. Amemsaidia kuona mtoto akikimbia kabla hajakimbia. Mwalimu apigaye kelele hufundisha woga, na mwoga hukanyaga breki kwa kuchelewa.

Nne, awe na ujasiri wa kumwambia mtu kwamba hajafuzu. Mwalimu anayefaulisha wote ni kama mizani inayoonyesha uzito uleule kwa kila gunia.

Tano, apimwe baadaye. Chama kiandike katika daftari, kwa muda wa miezi 6 kabla ya mafunzo na miezi 6 baada yake, mafuta yaliyotumika kwa safari, matairi yaliyobadilishwa, breki zilizotengenezwa, na kila mkwaruzo hata ukiwa mdogo. Namba hizo hazina ndugu wala jamaa. Zikibaki zilezile, mwalimu hakufundisha, hata kama alipendwa.

Wazee kadhaa hutujibu kwamba barabara ndiyo mwalimu mkuu. Twawaheshimu, wala hatukatai kwamba mwenye miaka 30 barabarani anajua mengi ambayo kijana hayajui. Lakini barabara haifundishi kwa mpango. Humsamehe mtu kosa lilelile mara mia, naye akadhani ni ustadi, na mara ya mia na moja hudai ada yote kwa pamoja. Ada hiyo hulipwa na dereva, na utingo wake, na mke aliyebaki nyumbani, na mara nyingine na mtoto aliyekuwa akichunga.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 umepata lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa hadi Bariadi, na lami humshawishi mtu akimbie. Mwaka 2021 ilizinduliwa kazi ya kujenga reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, inayopita hapa kwetu. Malampaka itaendelea kuwa mahali ambapo lori hukutana na gari moshi, na gari moshi haliwezi kumkwepa mtu.

Ombi letu kwa viongozi ni dogo. Kati ya Novemba na Machi, wakulima wanapopanda na kupalilia, malori hayana kazi nyingi. Wakati huo madereva wapelekwe mafunzoni, wachache wachache, au mwalimu aletwe hapa; na kabla ya kumlipa, mjumbe mmoja wa halmashauri apande lori pamoja naye asubuhi nzima, akisikiliza. Wazee wetu walisimama juani penye mizani ili wasidhulumiwe kilo moja. Nasi tusione taabu kuketi ndani ya lori asubuhi moja, ili mtu wetu arudi nyumbani kwake salama.