Michezo kazini

Michezo kazini ni utani, mashindano na burudani za wafanyakazi zinazopunguza uchovu na kujenga ushirikiano. Huandaliwa na mwajiri au huzuka yenyewe.

Mfano mashuhuri ulielezwa na mwanasosholojia wa Marekani Donald Roy katika makala iliyotoka miaka ya 1959–1960, baada ya yeye mwenyewe kufanya kazi kiwandani. Kikundi kidogo cha waendesha mashine kilikata vipande vilevile kutwa nzima. Kila asubuhi mmoja wao, Ike, alidokoa ndizi ya mwenzake Sammy, akatangaza kuwa saa ya ndizi imefika, kisha akaila. Sammy aling'aka, lakini kesho yake alileta nyingine. Mizaha ya namna hiyo iliigawa siku ndefu. Siku utani ulipomchoma mwenzao George, aliyejivunia baba wa mkwewe, mwalimu wa chuo, maongezi yalikatika kwa siku kadhaa, na uchovu ukarejea.

Shirika la Afya Duniani huuhesabu uchovu wa kazi kuwa hali itokanayo na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, si ugonjwa. Watafiti Christina Maslach na Michael Leiter walitaja vyanzo vyake sita: wingi wa kazi, kukosa mamlaka, malipo, mahusiano, haki na maadili. Michezo hugusa zaidi mahusiano; mshahara mdogo hautibiwi kwa bonanza.

Nchini Tanzania, shirikisho la michezo la SHIMIWI huwakutanisha watumishi wa wizara na idara za serikali katika soka, netiboli, kuvuta kamba, bao na karata.