Chumvi na Kitobero: Historia Mbili za Lishe Nchini Uganda

Nimesoma Kampala tangu shule ya msingi na sijawahi kukaa darasani na mtoto mwenye rovu, yaani uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini joto. Hata hivyo, utafiti uliofanywa mwaka 1991 katika baadhi ya wilaya za Uganda uligundua kwamba takribani asilimia 74 ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na tezi iliyovimba. Katika insha hii nauliza: kwa nini upungufu wa madini joto ulidhibitiwa, ilhali udumavu wa watoto ungalipo?

Madini joto hutoka ardhini. Mvua ikiyasomba kutoka kwenye udongo wa milimani, mazao ya huko hukua vizuri machoni lakini hubeba kidogo mno. Mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Kiasi hicho kikikosekana, tezi ya shingo hushindwa kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji wa mwili na ubongo. Rovu ni sehemu inayoonekana. Hasara kubwa zaidi imefichika: mama akikosa madini joto wakati wa ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo ulioathirika na mwili usiorefuka inavyopasa.

Dawa ilijulikana mapema. Uswisi na Marekani zilianza kutia madini joto kwenye chumvi katika miaka ya 1920. Mwaka 1990, mkutano wa viongozi wa dunia kuhusu watoto, uliofanyika New York, uliweka lengo la kuukomesha upungufu huo, na mwaka 1994 Uganda ikataka chumvi yote ya kuliwa iongezwe madini joto.

Hapa historia ya biashara ina neno. Zamani chumvi ya Ziwa Katwe ilikuwa mali ya kupiganiwa. Lugard alipoiteka Katwe mwaka 1891 alijenga ngome kuilinda. Lakini kufikia miaka ya 1990 chumvi nyingi iliyoliwa Uganda ilitoka pwani ya Kenya, katika viwanda vichache, ikipitia vituo vichache vya mpakani. Serikali haikulazimika kuingia katika kila jiko. Ilitosha kuwabana wenye viwanda na waagizaji. Mama hakuhitaji kufundishwa pishi jipya. Mwaka 1999 kiwango cha rovu kwa watoto wa shule waliopimwa kilikuwa kama asilimia 60, kwa kuwa uvimbe hukawia kupungua hata madini joto yakishapatikana. Kufikia 2011, asilimia 99 ya kaya zilikuwa na chumvi yenye madini joto.

Historia ya pili ilianzia Mulago. Katika miaka ya 1930 na 1940, Daktari Hugh Trowell aliwahudumia watoto waliovimba miili na kubadilika rangi ya nywele. Mwanzoni alidhani ni pelagra, lakini vitamini hazikuwaponya. Baadaye ugonjwa huo, kwashiakoo, ulihusishwa na uhaba wa protini, na tiba ikawa maziwa ya unga. Maziwa yaliokoa maisha wodini. Lakini nyumbani hayakuwepo, na mtoto alirudi kwenye chakula kilekile.

Ndipo katikati ya miaka ya 1960 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, palepale Mulago. Jina lake linatokana na methali ya Kiganda, «Mwana mugimu ava ku ngozi»: mtoto mwenye afya hutoka kwenye mbeleko. Akina mama walifundishwa kupika kitobero, yaani matoke pamoja na maharage au karanga, vyakula vya shambani mwao wenyewe. Naona wazo hili lilikuwa bora kuliko maziwa, kwa sababu lilimheshimu mama na shamba lake. Lakini halina kituo cha mpakani. Linahitaji kurudiwa jiko kwa jiko, na linategemea ardhi, maji safi, kipato na muda wa mama. Machafuko yaliyofuata mapinduzi ya 1971 yaliharibu huduma ambazo zingelieneza.

Utafiti uleule wa 2011 ulioonyesha chumvi asilimia 99 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao huingia shuleni wakiwa wafupi kuliko umri wao, na kufikia hapo hatuwahesabu tena, kwa kuwa takwimu za udumavu huishia miaka mitano.

Wapo wanaosema tufuate njia ya chumvi kwa kila kitu: unga na mafuta viongezwe virutubishi kiwandani. Siwapingi. Ila posho nyingi ya Uganda husagwa katika vinu vidogo ambavyo mkaguzi hafiki kwa urahisi, na hakuna kirutubishi kimoja kinachoweza kushika nafasi ya mlo kamili. Chumvi ilifaulu kwa sababu tatizo lake lilikuwa na mlango mmoja. Udumavu una milango mingi, na Mwanamugimu ilikuwa imekwisha kutuonyesha ule wa kwanza: jiko la mama.