Malakiti

Malakiti ni jiwe la mapambo la kijani, lenye michirizi iliyokolea na iliyopauka inayopishana kwa mizunguko. Kikemia ni kaboneti-haidroksidi ya shaba, Cu₂CO₃(OH)₂. Takriban asilimia 57 ya uzito wake ni shaba, nayo ndiyo inayolipa rangi.

Asili. Jiwe hili huzaliwa karibu na uso wa ardhi. Maji ya mvua yanayopenya mwambani huozesha sulfidi za shaba, kisha shaba hiyo huganda ndani ya nyufa, tabaka juu ya tabaka. Jiwe likikatwa na kung'arishwa, matabaka hayo ndiyo huonekana kama mizunguko.

Katanga na Kipushi. Kabla ya ukoloni, huko Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mafundi wa Wasanga na Wayeke waliyeyusha malakiti kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakapata misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari. Kipushi, mji ulio mpakani na Zambia, takriban kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, ulikua kando ya mgodi ulioanza mwaka 1924 chini ya kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Utajiri wake mkubwa uko chini sana: sulfidi za zinki na shaba, pamoja na elementi ya germani. Mgodi ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo, malakiti bora ya mapambo ya Katanga hutoka zaidi pande za Likasi na Kolwezi. Wachongaji wa Lubumbashi huigeuza kuwa visanduku, shanga na sanamu za wanyama.

Matumizi. Mabamba makubwa yasiyo na ufa ni adimu. Kwa hiyo mafundi hupasua vipande vyembamba na kuvibandika juu ya jiwe jingine, wakioanisha michirizi hadi maungio yapotee. Ndivyo zilivyofunikwa nguzo za Chumba cha Malakiti katika Kasri la Majira ya Baridi, Saint Petersburg, kilichosanifiwa na Alexander Briullov mwishoni mwa miaka ya 1830 kwa mawe ya milima ya Ural.

Utunzaji. Ugumu wake ni 3.5 hadi 4 katika kipimo cha Mohs, na asidi huliharibu, hata ya ndimu au siki. Linafaa kuta, meza za sebuleni na urembo. Halifai sakafu wala jikoni. Vumbi lake lina shaba na hudhuru mapafu, hivyo fundi sharti alikate likiwa limelowa maji, naye amevaa barakoa.