Maji ya Kantini na Vyoo Kiwandani: Hoja ya Kuyatenga Kwanza

Mjadala wa maji taka ya viwandani katika Afrika Mashariki umezoea kuanzia kwenye rangi za vitambaa na kemikali za kusindikia ngozi. Hatari yake ni ya kweli. Lakini kila kiwanda kina mkondo wa pili, utokao vyooni, bafuni na kantini, ambao mara nyingi huishia kwenye karo na kusubiri gari la kunyonya. Nadai kwamba mkondo huo ndio unaopaswa kutangulia kusafishwa na kutumiwa tena ndani ya kiwanda, kwa masharti mawili: usichanganywe na maji ya uzalishaji, na mafuta yake yazuiwe jikoni.

Sharti la kwanza linatokana na asili ya uchafu wenyewe. Mwaka 1914, huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walionyesha kwamba ukipuliza hewa kwenye maji taka, ukalihifadhi tope linalotuama na kulirudishia maji mapya, usafishaji unaochukua wiki nyingi hukamilika kwa saa chache. Tope hilo ni bakteria hai, na njia hiyo ndiyo inayoendesha mitambo mingi duniani hadi leo. Bakteria hao hula kinyesi, wanga na sabuni. Hawali kromiamu, metali inayotumika kusindika ngozi. Maji ya kiwanda cha ngozi yakiingia humo, ama yatawadhuru, ama metali itajikusanya kwenye tope, na tope lililo na kromiamu halifai tena kupelekwa shambani. Durban ilitumia mantiki hiyohiyo kwa upana wa jiji: tangu mwaka 2001, mtambo wenye uwezo wa mita za ujazo 47,500 kwa siku ulisafisha maji taka, kwa sehemu kubwa ya majumbani, na kuyauza kwa kiwanda cha karatasi na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Maji ya majumbani yanatabirika, ndiyo maana yanasafishika.

Wapo watakaosema kiasi cha maji ya vyoo na kantini ni kidogo mno. Kiwango cha India, IS 1172, kinakadiria matumizi ya lita 45 kwa mfanyakazi kwa siku katika kiwanda chenye bafu. Wafanyakazi 1,000 basi hutoa mita za ujazo zisizozidi 45 kwa siku. Mbele ya mahitaji ya idara ya kutia rangi, hilo ni tone. Lakini kusafisha vyoo, kumwagilia bustani na kutuliza vumbi uwanjani hakuhitaji maji ya kunywa, na kazi hizo zinaweza kuyamaliza karibu yote. Kwa kiwanda cha pwani ya Dar es Salaam, ambako maji ya chumvi yanapenya kwenye baadhi ya visima, kila mita ya ujazo isiyovutwa ardhini ina thamani kubwa kuliko bei yake kwenye ankara.

Kantini ndiyo inayoharibu mitambo, na hapa sharti la pili linahitaji maelezo. Mafuta ya kupikia yakioshwa kwa maji ya moto na sabuni nyingi, huyeyuka na kutawanyika kuwa matone madogo yasiyoelea. Hupita kwenye mtego wa mafuta kana kwamba haupo, kisha maji yakipoa mbele ya safari, hugandia kwenye bomba. Yakifika mtamboni hulifunika tope na kulinyima oksijeni. Mtego husaidia iwapo tu maji yanaingia yamepoa, yanatulia muda wa kutosha, na mafuta yaliyoelea yanatolewa kabla hayajajaa. Sufuria na sahani zikipanguswa kabla ya kuoshwa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hilo ni jambo la mkataba kuliko la uhandisi. Kantini nyingi zinaendeshwa na mzabuni asiyelipia maji wala kuzibua bomba. Hana sababu ya kujali kinachopita kwenye sinki. Mkataba wa chakula unapaswa kutaja nani anasafisha mtego, mara ngapi, na mafuta hayo yanapelekwa wapi.

Hata hivyo, mafuta yakishazuiwa, maji ya jikoni yana faida. Kazini watu huenda haja ndogo zaidi kuliko kubwa, hivyo maji ya vyoo vya kiwanda yana amonia nyingi na kaboni kidogo. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitrati; bakteria wengine, kwenye tangi lisilopulizwa hewa, huivunja nitrati na kuachia gesi ya naitrojeni, ila wanahitaji kaboni ya kula. Mitambo mingine hununua methanoli au molasi kwa kazi hiyo. Maji yaliyooshea mchele na masalia ya mchuzi yanaileta kaboni hiyo bure. Penye ardhi ya kutosha, njia nyepesi pia ipo: jijini Nairobi, kinamasi cha Splash kilichojengwa mwaka 1994 kilipokea maji ya mgahawa wa Carnivore na kuyapitisha kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa mimea, kisha kwenye mabwawa.

Kuyatumia tena kunadai tahadhari zaidi ya kuyamwaga. Tanzania inaruhusu BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kula uchafu ulio majini) isiyozidi miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayoachwa kwenye mazingira, lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mayai ya minyoo. Mayai ya askarisi hustahimili klorini. Yanapaswa kuchujwa kwa mchanga au kutuamishwa. Kwenye minara ya kupozea ningesubiri: amonia iliyobaki hula shaba, na ukungu wa mnara usiotunzwa unaweza kusambaza bakteria wa lejionela.

Halafu kuna Jumapili. Kiwanda kikifungwa, bakteria hukosa chakula, na Jumatatu saa ya chakula cha mchana hufurikwa. Tangi la kusawazisha hutatua hilo likilimbikiza maji ya Jumamosi na kuyatoa kidogokidogo, mradi awepo wa kufungua vali na kuangalia kama kipulizia hewa kinafanya kazi. Bajeti nyingi huhesabu saruji na pampu bila kumhesabu mtu huyo. Aajiriwe kwa cheo, mafunzo na zamu zake mwenyewe. Kazi hii haiwezi kubebeshwa mtunza bustani kama nyongeza.