Duka, Kipimo na Mwili: Kutoka Soko la Uvira hadi Vibanda vya Luvungi

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, mahali hapo palikwisha kuwa soko la wafanyabiashara waliotoka pwani. Pembe za ndovu na watumwa vilibadilishwa kwa nguo na shanga. Chakula hakikuwa bidhaa ya duka: nafaka, ndizi na samaki viliuzwa gulioni na wale wale waliolima au kuvua. Katika kamusi za zamani, kitambi ni kipande cha nguo na pia mafuta ya tumboni. Vyote viwili vilimtambulisha mtu aliyefanikiwa.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, wakulima wa bonde la Ruzizi walilazimishwa kulima pamba, na huko Lubarika, karibu na Luvungi, kukawa na kituo cha utafiti wa kilimo. Pamba hailiwi. Aliyeilima alipokea fedha, na fedha ilimpeleka dukani kununua nguo, chumvi, sukari. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha sukari cha Kiliba kilijengwa katika bonde hilo hilo, karibu na Uvira, na utamu ukawa zao la nyumbani.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Wengi waliopokea maduka ya Wagiriki na Waasia hawakuwa na mtaji wala njia ya kuagiza bidhaa, na rafu zikabaki tupu. Kadiri biashara kubwa ilivyodhoofika, ndivyo kibanda cha jirani kilivyopata nguvu, na nguvu yake ilikuwa kipimo: sukari katika kifuko, mafuta katika kichupa, maziwa ya unga kwa kijiko. Maskini aliyeshindwa kununua kilo sasa aliweza kununua kila siku, kwa bei iliyo ghali zaidi.

Mwaka 1996 vita vilisimamisha kiwanda cha Kiliba. Sukari haikutoweka, ililetwa kutoka nje. Mwenye kibanda huchagua kisichooza, yaani mchele, mafuta, biskuti, vinywaji vitamu. Lengalenga na ndagala wabichi hawangoji mteja wa kesho, kwa hiyo hubaki mikononi mwa akina mama wa sokoni. Hivyo njaa na unene vimekuja kukaa chini ya paa moja. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, huku wanawake wapatao asilimia 16 wakiwa na uzito uliozidi. Neno utapiamlo linawafaa wote wawili, ingawa kwa mazoea humwendea mtoto aliyekonda peke yake.

Kumlaumu mnunuzi ni rahisi mno. Mama wa Luvungi anayerudi shambani magharibi hukuta soko limekwisha kufungwa. Taa inayowaka kando ya barabara ya Bukavu ni ya kibanda.