Mlevi, Mgonjwa na Mkosaji: Tarehe ya Ushauri Nasaha Ukambani

Katika nchi ya Ukambani, kuanzia vilima vya Mbooni, ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Makueni, hadi nyanda kavu za Kitui, mlevi aliyeteketeza mali yake, mgonjwa aliyevurugikiwa na akili na mkosaji aliyemwaga damu ya jirani hawakutafutiwa waamuzi mbalimbali zama za kale, kwani habari zao zote zilifikishwa mbele ya nzama, baraza la wazee, na jambo likiwashinda wazee aliitwa mundu mue, mganga mwenye kupiga ramli, apate kubaini ni roho ipi ya wahenga iliyoghadhibika na kwa sababu gani.

Ulevi wenyewe ulikuwa na mipaka yake. Uki, pombe ya asali, ilikuwa kinywaji cha wazee, ikinywewa katika posa, katika suluhu na katika ibada, wala haikuwa halali kwa vijana. Mwanamke aliyepandwa na aimu, yaani roho za wahenga, alichezewa kilumi, ngoma zikilia na majirani wamehudhuria, hata maradhi yake yakawa shughuli ya mji mzima. Ama mwuaji, jamaa zake walitoa fidia ya ng'ombe, na unajisi ukaondolewa kwa ng'ondu, dawa ya kutakasa, ili koo mbili zilizohasimiana zipate kuishi pamoja. Lakini insafu yatutaka tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi, kwa maana wazee hao hao walikuwa na king'ole, hukumu ya umma ya kumwua mkosaji sugu au aliyetuhumiwa uchawi, ambayo, ijapokuwa jamaa wa karibu walitakiwa kuiridhia kwanza, haikumwachia mtu nafasi ya kutubu.

Serikali ya Kiingereza ilipotamalaki, kazi hiyo moja ikagawanywa mafungu matatu: mkosaji akapelekwa mahakamani na gerezani, mgonjwa wa akili akapelekwa Mathari, Nairobi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910, mbali na watu wake, na mlevi akaachiwa amri za chifu na faini. Mwaka 1911, katika wilaya ya Machakos, ambayo baadaye ndiyo iliyoizaa Makueni, watu walipandwa na pepo kwa wingi, wakicheza na kutetemeka, nao Siotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuaovio wakawa viongozi wao. Watawala waliona humo fitina, wakawakamata wawili hao na kuwahamisha, na hivyo jambo la nafsi likajibiwa kwa nguvu za dola.

Kuyakutanisha tena mafungu hayo kumechukua muda mrefu. Sheria ya probesheni ya 1943 ilimleta afisa ambaye, kabla hakimu hajapitisha hukumu, huenda nyumbani kwa mshtakiwa akawahoji jamaa, majirani na chifu, jambo ambalo wazee wa nzama wasingeliona geni. Mwaka 1979 kilianzishwa Nairobi kituo cha Amani, ambacho kimewafunza washauri nasaha wengi, na mwaka 2014 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu wengi, Kitui na Makueni zikiwa miongoni mwa kaunti zilizofiwa, ikadhihirika kwamba sheria ya vileo ya 2010 peke yake haikutosha. Huko Makueni, shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoasisiwa na Profesa David Ndetei, liliwakutanisha waganga wa jadi, viongozi wa dini na wauguzi, wakafundishwa kuitambua sonona na kupelekeana wagonjwa. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kosa lililokuwa na kifungo cha hadi miaka 2, ni kinyume cha Katiba, hata aliyehesabiwa mkosaji akatazamwa tena kama mgonjwa.

Alhasili, mshauri nasaha ambaye katika umri mmoja wa kazi huwahudumia mraibu, mgonjwa na mfungwa hafanyi kazi tatu, bali moja iliyokuwapo Ukambani kabla ya mahakama na hospitali. Basi serikali za Kitui na Makueni na ziwaajiri washauri hao kwa wingi, ziwaweke zahanatini, magerezani na mahakamani pamoja, wala zisingoje msiba mwingine wa pombe ndipo ziwakumbuke.